Namba Iliyojibu Bila Waya

Nimekabidhi funguo za chumba cha mitambo, na tangu siku ile simu yangu haijapumzika. Mara rauta imegoma, mara swichi inawaka rangi ambayo hamjawahi kuiona. Sikatai kuulizwa, vijana wangu. Ila maswali yenu mengi ni swali moja lililovaa nguo tofauti, kwa hiyo nimeamua niandike. Vyeo sitavitaja, na mshahara wangu mlikuwa mnausikia kwenye manung'uniko yangu ya kila mwisho wa mwezi. Nitaandika nilivyofundishwa kazi, halafu nitaandika habari ya siku moja ya mvua pale hospitalini Kilwa. Hadi leo mtu akiniambia "lango linajibu, Bi Hadija," siamini mpaka nione mwenyewe.

Nilianza Lindi mjini, kwenye simu za mezani, msichana niliyetoka Rutamba na viatu vya kuazima. Fundi aliyenipokea aliitwa Chilumba, Mmakonde wa Mtama, mtu wa maneno machache na kikohozi kingi. Nikamwamkia, "Shikamoo, Fundi." Akaitikia, "Marahaba," akanipa kipande cha kebo nene chenye nyuzi za shaba za rangi mbalimbali.

"Uzi mmoja humu umekatika. Utafute."

Akaenda kunywa chai. Aliporudi alinikuta nimekaa katikati ya lundo la maganda ya plastiki, nimeichuna kebo nzima kama mtu anayemenya muhogo.

"Umeupata?"

"Nimeupata, Fundi."

"Na kebo iko wapi?"

Kebo haikuwepo tena. Akachukua kipande kingine, akapima katikati, akanionyesha upande mzima na upande mbovu. Ule mbovu akaupima tena katikati yake. "Usichune," akasema. "Gawa. Kila ukigawa, ubaya unakosa pa kujificha." Sijawahi kwenda kozi iliyonifundisha zaidi ya hapo, na kozi nimekwenda, kuna mpaka zile za hotelini zenye biskuti.

Simu za mezani zikaanza kufa, kompyuta zikaja, na sisi wa nyaya tukahamia huko. Jina lilibadilika, kazi haikubadilika sana. Mtu anayeanza leo anatishwa na maneno, lakini mtandao wa ofisi ni kitu cha kueleweka. Kila kompyuta ina waya wake, na nyaya zote zinakutana kwenye kisanduku kinachoitwa swichi. Swichi inajua nani amekaa tundu gani, kwa hiyo ujumbe wa famasi kwenda maabara haupiti kwa kila mtu. Ili kufahamiana, kila mashine inapewa namba, ndiyo anwani. Ujumbe wa humu ndani unazunguka humuhumu kwenye swichi. Ujumbe wa nje, iwe Dar es Salaam au kijiji cha pili, unapelekwa kwenye mashine moja inayokaa mpakani, rauta, na namba ya rauta ndiyo tunaiita lango. Ukitaka kujua kama mashine fulani ipo, unaitumia ping, yaani unabisha hodi. Ikiwepo, itaitikia.

Ninyi mnapenda kuanzia juu. Mtu akisema mtandao haupo, mnafungua programu, mnabadilisha mipangilio, mnaweka upya kila kitu. Mimi naanzia chini: umeme upo? Waya umekaa? Taa ya tundu inawaka? Anwani ni ipi? Lango linaitikia? Hapo ndipo nipande. Kuna ofisi moja Mtama ilinisumbua msimu mzima wa korosho. Kila mchana mtandao unakufa, baadaye unafufuka wenyewe. Walikuwa wameshaita mafundi wawili wenye kompyuta nzuri kuliko yangu. Nikaenda nikakaa kwenye kiti, nikatazama tu. Mchana ulipofika, karani akainama chini ya meza, akachomoa plagi ya swichi, akachomeka jagi la kuchemshia maji. Mtandao wa ofisi nzima ulikuwa unakatwa na chai.

Nacheka sasa. Siku ninayotaka kuwaambia hakukuwa na mtu wa kucheka.

Nilikuwa nimehamia hospitali ya Kilwa. Tulikuwa na kiungo cha redio na kituo kidogo cha afya upande wa Mitole: sahani moja juu ya mnara wetu, nyingine juu ya mnara wao, zinatazamana. Kompyuta ya mazungumzo ilikuwa moja tu, kwenye wodi ya wazazi, imefungwa mnyororo mezani kwa hofu ya wezi. Kule kituoni mkunga alikuwa mmoja, binti anaitwa Somoe, hata mwaka hajamaliza kazini. Akikwama, anakaa mbele ya kompyuta yake na kumwita Daktari Joseph, na daktari anamwelekeza huku wanaonana.

Mvua ilikuwa imenyesha mfululizo. Mto ulipanda juu ya barabara, gari la wagonjwa likarudia njiani, na minara ya simu ikazimika yote. Ikabaki ile redio.

Asubuhi hiyo nilikuwa wodini narekebisha spika iliyokuwa inakwaruza. Somoe akatokea kwenye skrini, kilemba kimekaa upande. Mama mmoja, Zainabu, alikuwa amejifungua salama, mtoto mzima, lakini damu haikomi.

"Sindano nimeshachoma, Daktari. Dripu inakwenda. Bado inatoka."

Daktari Joseph alisogea karibu na skrini. Alikuwa na tabia ya kupunguza sauti jambo linapokuwa kubwa. "Sikiliza, Somoe. Vaa glavu ndefu. Mkono mmoja ndani, umekunja ngumi. Mwingine juu ya tumbo. Ubane mfuko wa uzazi katikati ya mikono yako, kwa nguvu zako zote. Usiachie mpaka nikwambie."

Somoe akanyanyuka kitini. Kitanda kilikuwa upande, karibu chote nje ya kamera, kwa hiyo tuliona mgongo wake tu ukiondoka. Picha ikaganda. Kisha skrini ikawa nyeusi.

"Somoe? Somoe, unanisikia?"

Daktari alinigeukia. "Bi Hadija," akasema taratibu, "nirudishie."

Nilianzia chini. Umeme upo. Waya umekaa. Taa inawaka. Nikabisha hodi kwenye lango: likaitikia. Nikabisha hodi kwenye mashine ya kule Mitole: kimya. Nikarudia. Lango linajibu, ng'ambo kimya. Fundi yeyote angefikiri nilivyofikiri mimi: huku ndani ni salama, tatizo lipo angani, upepo umegeuza sahani. Nikatoka mbio kumtafuta Bakari, fundi umeme wetu, na Mungu amlipe yule mtu, akavaa mkanda akapanda mnara kwenye mvua bila swali la pili.

Nikaingia chumba cha mitambo, nikaiweka kompyuta yangu ya mkononi juu ya kabati la nyaya, nikaiacha iendelee kubisha hodi kwenye lango, majibu yakishuka mstari baada ya mstari. Bakari akapiga kelele kutoka juu, "Sahani haijasogea! Taa zote za kijani!"

Kwa hiyo si angani. Kwa hiyo ni wapi? Nikaamua kuizima rauta na kuiwasha upya, si kwa akili, kwa kukosa la kufanya. Nikachomoa kwanza waya wake wa kwenda kwenye swichi. Macho yangu yalikuwa kwenye skrini, nikisubiri majibu yakome.

Hayakukoma.

Niliutazama ule waya mkononi mwangu. Nikaitazama rauta, imekaa pale mezani, haijaungana na chochote cha ndani. Na namba yake kwenye skrini bado inaitikia, mstari baada ya mstari, kwa utulivu kabisa. Nilikuwa nabisha hodi kwenye nyumba ambayo mwenyeji wake nimemshika mkono huku nje, na ndani mtu ananijibu.

Wengi wenu hamjakutana na hili, na ombeni msikutane nalo katika saa kama ile. Mashine mbili zilikuwa na anwani moja. Chukulia mtaani kuna Hassani wawili. Ukiita "Hassani!" anayewahi kutoka ndiye unayempa mzigo. Kila kompyuta ya hospitali ilipotaka kutuma kitu nje iliita lango, na kuna mgeni alikuwa anawahi kutoka, anapokea mzigo, na haupeleki popote. Sauti ya Daktari Joseph ilikuwa inaishia kwa mgeni huyo. Alikuwa wapi, sikujua.

Nikarudisha waya wa rauta na kuanza kugawa. Kwenye kabati kulikuwa na njia za maabara, famasi, chumba cha upasuaji, utawala na wodi. Nikachomoa nusu. Mtu akapiga ukelele kutoka maabara, "Nani kakata?" Nikayaangalia majibu, maana ya mgeni yalichelewa kidogo kuliko ya rauta, nikarudisha, nikachomoa nyingine. Nilipochomoa njia ya wodi ya wazazi, mgeni akatoweka. Nilipoirudisha, akarudi.

Alikuwa upande uleule wa daktari. Nikimkata mgeni, namkata na daktari.

Nikakimbia wodini, nikaiacha kompyuta ya daktari ibishe hodi kwenye lango. Nikachomoa kompyuta ya mapokezi: bado anajibu. Nikachomoa printa: bado. Ukiacha kompyuta ya daktari, hakukuwa na kitu kingine chenye waya upande ule, na bado anajibu. Kwenye korido watu walikuwa wameshajaa: wauguzi, Mzee Chande mtunza stoo ya dawa, na Katibu wa hospitali, mtu mnene, mpole, aliyekuwa ananiita mama ingawa tulikuwa rika moja.

"Nani amegusa mtandao?" nikauliza.

Mnawajua watu wenye ajira. Kila mmoja alitazama viatu vyake.

"Siulizi nani kakosea," nikasema, na sauti ilinipanda bila kupenda. "Nauliza kuna kitu gani kipya humu ambacho juzi hakikuwepo. Waya, kisanduku, chochote."

Daktari Joseph alisimama mlangoni, stetoskopu shingoni, mikono mitupu. "Jamani, yule mama hana muda."

Katibu alivua miwani akaanza kuifuta na shati. Niliona macho yake yakienda kwa Mzee Chande na kurudi haraka. "Mama, njoo kidogo pembeni."

"Sema hapahapa, Katibu."

Akavaa miwani. Akaivua tena. Alikuwa na sababu ya kunyamaza, na sababu yenyewe ilikuwa imesimama hatua chache kutoka kwake, imeshika funguo. "Ipo kamera," akasema. "Fundi kaimalizia leo asubuhi. Iko stoo ya dawa, juu ya dari."

Mzee Chande alikunja uso kama mtu ambaye hakusikia vizuri. "Stoo yangu?"

"Ndiyo, Mzee wangu."

"Mnanichunga mimi?"

"Dawa zinapungua. Sikujua ni nani. Haki ya Mungu, sikujua."

Mzee Chande alikuwa ameitunza stoo ile toka nywele zake zikiwa nyeusi. Stoo ilikuwa na makufuli mawili, na funguo zote zilikuwa kiganjani mwake. Niliona kiganja kikifunga. Nikafikiri, huyu sasa ataondoka nazo, na sitakuwa na la kumlaumu.

Akageuka, akaenda kwenye mlango wa stoo, palepale koridoni, akaanza kufungua. Ufunguo wa kwanza ulikataa kuingia, akaugeuza, akajaribu tena. "Tutasemana baadaye," akasema bila kugeuka. "Kuna mtu anakufa."

Nilipanda juu ya meza, nikasukuma ubao wa dari. Kulikuwa na kiswichi kidogo kimepachikwa kwenye njia ya wodi, na waya mweupe ukienda kwenye jicho la kamera pale pembeni. Nikaung'oa. Nikashuka, nikakimbilia kompyuta ya daktari. Bado kimya, maana kompyuta huwa na kumbukumbu: inaendelea kumpelekea mzigo yule Hassani wa mwisho aliyemjua mpaka uisahaulishe. Nikaisahaulisha. Nikabisha hodi Mitole.

Ikaitikia.

Picha ilipofunguka tuliona kiti kitupu. Ukuta nyuma yake, kalenda, ncha ya kitanda, na miguu miwili imefunikwa kitenge. Haisogei. Sijawahi kuona picha ya kutisha kama kile kiti.

"Somoe?" Daktari akaita. "Somoe, upo?"

Nesi mmoja nyuma yangu akaanza kusema innalillahi, mwenzake akamshika mdomo.

"Somoe!"

Sauti ikatoka pembeni, ya chini, ya mtu aliyelia na kumaliza. "Nipo, Daktari. Sijaachia."

Daktari Joseph aliziba uso kwa viganja vyake viwili, mara moja tu, akavitoa. "Damu?"

"Imepungua. Ulisema nisiachie mpaka uniambie. Mikono siisikii tena."

"Mama anaongea?"

Tukamsikia yule mama mwenyewe, hafifu, anaomba maji. Daktari akamwita mhudumu wa kituo aliyekuwa pale amembeba mtoto, akamtuma hiki na kile kabatini, akaanza kumpeleka Somoe hatua inayofuata, neno kwa neno. Mimi nilisimama kando ya meza nikiutazama waya kama vile nikipepesa macho utakatika. Mpaka mwisho hakuna aliyenipa ruhusa ya kuondoka na sikuiomba.

Baadaye nilimtafuta yule fundi wa kamera nikamuuliza namba ile aliipata wapi. Si mtu mbaya. Alipokuja kupima, umeme wa chumba cha mitambo ulikuwa umekatika. Akabisha hodi kwenye namba kadhaa, ile moja haikuitikia, akaona haina mwenyewe, akaichukua. Shikeni hili hata mkisahau mengine yote: namba iliyonyamaza huenda mwenyewe amelala. Anayejua ni yule anayezigawa, na ndiyo maana kwenye kila ofisi lazima awe mmoja, na awe anajulikana, na kila anayefunga hata printa apite kwake.

Mchana uleule Mzee Chande alikuja chumba cha mitambo na ile kamera mkononi, waya unaning'inia.

"Irudishe," akaniambia.

"Mzee, si lazima leo."

"Irudishe leo. Lakini usiifiche darini. Iweke ukutani, panapoonekana, kila mtu ajue ipo. Nataka inione." Nikaipa namba yake, nikaifunga juu ya mlango, naye amesimama chini yangu ananishikia ngazi. Katibu alipita, akasimama, akaishika ngazi upande wa pili. Aliyekuwa anachukua dawa hatukumjua mpaka nastaafu. Zilikoma kupungua, basi.

Maji yalishuka kabla ya magharibi na gari la wagonjwa likavuka. Zainabu aliteremshwa kwa machela, mweupe midomo, hai, akapelekwa moja kwa moja ndani. Bibi yake alifuata na mtoto kifuani. Wa mwisho kuteremka alikuwa Somoe. Nilikuwa sijawahi kumwona ana kwa ana, na alikuwa mdogo kuliko nilivyodhani, gauni la kazi limekauka damu mpaka kiunoni.

"Shikamoo, mama," akasema.

"Marahaba, mwanangu. Kaa."

Akaketi kwenye benchi la korido. Nikamletea chai ya rangi, yenye sukari nyingi. Akanyoosha mikono kupokea, vidole vikakataa kufunga. Alijaribu tena, akanitazama, akaona haya, akaanza kutabasamu kama mtu anayeomba radhi.

Nikaketi karibu naye, nikamshikia kikombe, akanywa.